Sheria ya Kwanza ya Mtoto Iko Shuleni

Kanuni za adhabu ya viboko shuleni zilizotangazwa kwenye Gazeti la Serikali la Tanzania mwaka 2002 ni fupi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza angezisoma na kuzimaliza ndani ya kipindi kimoja na muda ukabaki, kama zingekuwa mkononi mwake na kwa lugha anayoielewa. Zinasema kiboko ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu au kosa linaloivunjia shule heshima. Fimbo iwe nyepesi, inayopinda. Apigwe kwenye kiganja au makalioni, nguo ikiwa mwilini, na viboko visizidi vinne kwa mara moja. Anayechapa ni mkuu wa shule mwenyewe, au mwalimu aliyepewa idhini hiyo kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, labda shule iwe haina. Kabla ya yote, umri wa mtoto, jinsia yake na afya yake vizingatiwe. Na kila adhabu iandikwe kitabuni: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na jina la aliyechapa.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikialikwa shuleni kuzungumza na wanafunzi kuhusu sheria, na swali ninalopenda kuanza nalo ni hili: nani amewahi kukiona kitabu hicho? Mikono hainyanyuki. Nikiuliza nani amechapwa tangu muhula uanze, inanyanyuka karibu yote. Wengine wamechapwa kwa kuchelewa namba, wengine kwa kukosa hesabu, wengine kwa kuongea Kiswahili mahali palipobandikwa tangazo la Kiingereza tu. Wapo waliochapwa darasa zima kwa kelele za wawili. Kukosa hesabu hakujawa utovu mkubwa wa nidhamu, na sijaona kanuni inayoruhusu darasa kubeba kosa la mtu mwingine. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu isiyolingana na umri, mwili na akili ya mtoto.

Mimi ni wa upande unaotaka kiboko kiondoke shuleni kabisa. Mwaka 2018 mkoani Kagera mwanafunzi wa shule ya msingi alipoteza maisha baada ya kupigwa na mwalimu, na kifo kimoja cha namna hiyo kilitosha kutufanya tukae chini kama taifa. Lakini hoja yangu leo inamhusu hata msomaji anayeamini kwamba mtoto asiyechapwa haleleki. Kiboko kikiwepo, kipo kwa mujibu wa sheria yenye mipaka, na mipaka hiyo haijulikani kwa anayechapa wala anayechapwa. Huyo anayechapwa ndiye tunayemtarajia, akifika miaka 18, aijue Katiba, aheshimu mahakama, akatae rushwa na kudai haki yake kwa utaratibu. Atakuwa amejifunzia wapi? Kwa miaka 11 ameishi ndani ya taasisi ya serikali ambamo mwenye nguvu hakuwahi kuonyesha karatasi inayompa nguvu hiyo.

Mwaka huohuo wa 2002 zilitoka kanuni nyingine, za kufukuza wanafunzi na kuwaondoa shuleni. Hizi zimefanya madhara makubwa kuliko fimbo. Zinaruhusu kumfukuza mwanafunzi aliyefanya kosa kama wizi, kuharibu mali, ukahaba, matumizi ya dawa za kulevya au kosa dhidi ya maadili, na pia mwanafunzi aliyefunga ndoa. Ujauzito haukutajwa popote. Hata hivyo wasichana walipimwa mkojo shuleni kwa lazima, na waliokutwa na mimba walirudishwa nyumbani moja kwa moja, kwa tafsiri kwamba mimba ni kosa dhidi ya maadili. Iliendelea hivyo mpaka Novemba 2021, Wizara ya Elimu ilipotangaza kwamba wanafunzi waliokatishwa masomo kwa ujauzito waruhusiwe kurudi.

Fikiria binti wa miaka 15 aliyekutwa na mimba. Kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, yeye ni mtoto aliyetendewa kosa la jinai, na aliyemfanyia hivyo anastahili kifungo kisichopungua miaka 30. Kwa ofisi ya mkuu wa shule, binti huyohuyo, kwa tukio hilohilo, ndiye mkosaji. Wazazi wengi walipokea barua ya kumfukuza wakaikunja. Hawakujua kwamba wangeweza kuuliza ni kanuni gani imetumika, kifungu kipi, na kama bodi ya shule ilikaa. Barua yenye muhuri wa shule waliiona kuwa ndiyo sheria yenyewe.

Ndiyo maana nasema elimu ya sheria kwa vijana tumeianzia mbali nao mno. Tunaianzia kwenye mihimili mitatu ya dola, muundo wa mahakama na tarehe za Katiba. Mwanafunzi wa Uraia hukariri kwamba haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba ya 1977 kwa mabadiliko ya mwaka 1984, akapata alama zake, na hakuna aliyemwambia kwamba haki hizo zilichelewa kuanza kudaiwa mahakamani hadi mwaka 1988. Anajua ibara ya 13 inazungumzia usawa mbele ya sheria. Hajui afanye nini Jumatatu asubuhi usawa huo ukikiukwa: aende ofisi gani, na karatasi gani, kabla ya siku gani.

Hilo la siku ndilo linaloniuma kuliko yote. Mkasa ufuatao umejengwa kutokana na mingi inayofanana. Kijana wa miaka 19, kamaliza kidato cha nne, kapata kazi ya uhudumu kwenye mgahawa. Anaingia saa 12 asubuhi, anatoka saa 3 usiku, siku 6 kwa wiki. Hana mkataba, mshahara anarushiwa kwa simu, na mwezi mwingine unakuja nusu. Amefanya kazi hivyo mwaka mmoja na zaidi. Siku moja zinavunjika sahani, bosi anamwambia kesho usije. Anarudi nyumbani. Mjomba anamshauri amwachie Mungu. Rafiki anampeleka polisi, anaambiwa hayo ni madai, siyo jinai. Anamwendea mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti anampigia bosi simu, bosi anaahidi wiki ijayo, na wiki ijayo inakuwa mwezi ujao. Anapofika kwa mtu anayeijua Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, miezi miwili imekatika.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilikuwa upande wake tangu mwanzo. Saa za kawaida za kazi ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na zinazozidi hapo zinalipwa kwa kiwango cha juu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na likizuka shauri asiweze kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha masharti yalikuwa yapi unamwangukia yeye. Huyu kijana aliamini kinyume chake, kwamba bila mkataba hana lolote. Meseji za mshahara kwenye simu yake zilikuwa ushahidi, na wenzake wa zamu walikuwa mashahidi. Kitu kimoja tu sheria haikumsubiri: anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali anapaswa kufungua shauri ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mshahara ambao haukulipwa, yana siku 60. Akichelewa anaruhusiwa kuomba aongezewe muda, lakini lazima aeleze kila siku ya kuchelewa ilikwenda wapi, na kusema hukuijua sheria hakukubaliki kama sababu.

Hayo yote yanaweza kufundishwa kwa vipindi viwili. Kimoja cha maelezo, kingine cha kujaza Fomu Namba 1 ya Tume hiyo, kwa kalamu, kila mwanafunzi na yake. Nimewahi kufanya hivyo na kidato cha nne, na sijaona darasa linalonyamaza na kuinamia karatasi kama lile. Kijana aliyeijaza mara moja hawezi kusahau kwamba kuna mahali pa kuandika tarehe mgogoro ulipoanza, na kwamba tarehe hiyo ina maana.

Mirathi vivyo hivyo. Baba kafariki, ukoo umekaa, baba mdogo ameteuliwa kusimamia na mahakama ya mwanzo imemthibitisha, na miaka mitatu baadaye nyumba imeuzwa na watoto wako kwa bibi. Mawakili tuna msemo kwamba msimamizi si mrithi. Anatakiwa kuorodhesha mali, kuigawa kwa wenye haki na kurudi mahakamani kutoa hesabu. Mtoto wa miaka 16 anayejua kwamba jalada la mirathi ya baba yake lina namba, na liko mahakama fulani, hawezi kuzungushwa kama asiyejua.

Elimu hii lazima pia iwaambie vijana wasiyopenda kusikia. Mtu akija na mabango ya haki tupu anawadanganya. Kijana wa miaka 20 anayeendesha bodaboda na ana mpenzi wa miaka 17 wa kidato cha tatu anapaswa kujua, kabla na si baada, kwamba binti wa chini ya miaka 18 hawezi kisheria kuridhia. Kusema tulipendana hakutamsaidia kizimbani, wala ahadi ya kuoa, wala familia mbili kukaa na kumalizana kwa ng'ombe au pesa. Mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka miaka 30 pia kwa anayempa mwanafunzi mimba. Magereza yetu yana vijana walioisikia sheria hiyo kwa mara ya kwanza ikisomwa na hakimu. Kwenye simu nako ni hivyohivyo: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayesambaza habari anayojua ni ya uongo na anayemtesa mwenzake kwa meseji, na adhabu zake zinaanzia shilingi milioni 5 au miaka 3 jela.

Hapo wanafunzi wenye akili huinua mkono. Iweje binti wa miaka 17 asiweze kuridhia mapenzi, lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ikamruhusu aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi? Swali hilo ndilo bora kuliko yote ninayoulizwa, na halistahili kujibiwa kwa kuambiwa kaa chini. Jibu lake lina historia wanayopaswa kuijua. Mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, alilipeleka Mahakama Kuu. Julai 2016 mahakama hiyo ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Baada ya hapo miaka ikaendelea kupita bila marekebisho kufanyika.

Naipenda kesi hii darasani kwa sababu ina pande zote mbili za ukweli. Ibara ya 26 ya Katiba inamtaka kila mtu atii sheria, na ibara hiyohiyo inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda Katiba. Mwanafunzi anaona kwamba sheria iliyopitishwa na Bunge inaweza kupingwa na mtu mmoja, kwa hoja, bila kurusha jiwe. Anaona pia kwamba kushinda kesi siyo mwisho wa safari, maana hukumu inahitaji watu wanaoendelea kuifuatilia. Kumficha sehemu hii ya pili ni kumwandaa avunjike moyo.

Kuhusu polisi nitasema machache, ila kwa uwazi. Kijana wa kiume wa mjini hukutana na polisi mapema kuliko anavyokutana na mahakama, na mara nyingi ni kwa uzururaji. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika. Nina hakika kijiwe kilichoko hatua chache kutoka makao hayo hakina habari. Kijana anapaswa kujua mambo manne: aelezwe kwa nini anakamatwa, ana haki ya kuwasiliana na ndugu au wakili, mahojiano yana muda wa kawaida wa saa 4, ambao ukiongezwa lazima uongezwe kwa utaratibu, na haruhusiwi kukaa mahabusu siku nyingi bila kufikishwa mahakamani wala kupewa dhamana. Mahakama ya Rufani imeondoa kwenye ushahidi maelezo ya onyo yaliyochukuliwa nje ya muda, tena si mara moja. Dhamana ya polisi hainunuliwi. Na kwa mtoto wa chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto inakataza kumhukumu kifungo cha jela.

Najua kijana atakayesimama kituoni na kutaja vifungu anaweza kula makofi kwa ujuaji wake. Kwa hiyo wanafunzi ninaowafundisha nawaambia wazungumze kwa adabu, wataje jina lao, waombe kupiga simu, wakumbuke saa waliyokamatwa na jina la kituo, wasisaini wasichokisoma. Anayepokea simu nyumbani naye awe anajua la kufanya. Juni 2024 nchini Kenya, vijana waliopinga Muswada wa Fedha walisambaziana ibara ya 37 ya Katiba yao inayolinda maandamano na ibara ya 49 inayotaja haki za aliyekamatwa, pamoja na namba za simu za mawakili waliojitolea. Kujua ibara hakukuzuia risasi, na wengi waliuawa. Lakini waliokamatwa walikuwa na watu wanaojua waulizie wapi, na mawakili wakawafuata vituoni. Ujuzi huo wa pamoja, wa kundi zima kujua njia, ndio ninaoutamani kwa vijana wetu katika mambo ya kawaida ya kila siku.

Walimu wengi wananiambia: mtoto ukimfundisha haki atakuwa mkaidi. Nawaheshimu, kwa sababu najua wanavyofanya kazi, watoto 100 darasani, chaki za kugawana, na lawama za matokeo. Lakini ukaidi nilioukuta mimi unakua pale ambapo adhabu haina kipimo. Mtoto anayechapwa vivyo hivyo kwa kuiba na kwa kuchelewa dakika tano hana sababu ya kuona kuiba ni kubaya zaidi. Kanuni ikibandikwa ukutani inamlinda mwalimu pia. Mzazi akija juu na panga mdomoni, mwalimu anafungua kitabu na kumwonyesha kosa, idadi na sahihi. Mwalimu asiye na kitabu hana cha kumwonyesha, na akifikishwa mbele ya tume ya nidhamu atajikuta anatafuta mtu anayeijua sheria, kama yule kijana wa mgahawani.

Nani afundishe? Mwalimu wa Uraia peke yake hawezi, na somo la Historia ya Tanzania na Maadili limemwongezea mzigo mwingine. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na wengi wao wanaishi kwenye kata zetu, wanajulikana kwa majina, wanapatanisha watu kila wiki. Wanazijua fomu. Wanajua ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi, na Dawati la Jinsia na Watoto liko kituo gani. Wanajua kwamba aliyebakwa asioge, awahi kituo cha polisi achukue fomu ya PF3 na kwenda hospitali, na kwamba namba 116 hupokea taarifa za mtoto anayefanyiwa ukatili. Mkuu wa shule anaweza kumwita mmoja wao Ijumaa mchana bila kusubiri waraka wa wizara.

Na afundishe kwa Kiswahili. Mahakama zetu za mwanzo zimekuwa zikitumia Kiswahili siku zote, na marekebisho ya mwaka 2021 yaliifanya lugha hiyo kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mapema mwaka huo Jaji Zephrine Galeba aliandika hukumu kwa Kiswahili akiwa Mahakama Kuu Musoma, na nchi nzima ikashangilia. Mwanafunzi wa sekondari ameendelea kufundishwa haki zake kwa Kiingereza, ajibu mtihani, kisha aende kuishi na hakimu, karani, polisi na bosi wanaomsemesha Kiswahili.  Katika kazi ya kutafsiri sheria, zile kanuni za shule zingetangulia, kwa kuwa ni fupi na zinawahusu mamilioni.

Kila Januari inapokuja Wiki ya Sheria, mahakama hufungua milango, mahema yakapigwa, wanafunzi wakapelekwa kwa mabasi kupokea vipeperushi. Ni jambo zuri, na wanaolifanya wana nia njema. Mimi ningependa zaidi darasa moja la kidato cha pili lipelekwe mahakama ya mwanzo iliyo karibu, siku ya kawaida ya kazi, likae benchi la nyuma kimya, lisikilize shauri la deni hadi hukumu. Mashauri mengi husikilizwa hadharani, kuingia hakuna kiingilio. Wakirudi shuleni mwalimu awaulize aliyeshindwa ana siku ngapi za kukata rufaa mahakama ya wilaya, na asiyejua kuwa ni 30 arudi tena wiki inayofuata kusikiliza.